Laini ya Rashad

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Simu ya Isti imefura. Kifuniko cha nyuma kimeinuka kama chapati kwenye kikaango. Aliniletea asubuhi, yunifomu tayari, soksi moja mkononi — Mama, tazama, inafungua mdomo. Nikacheka! Dakika kumi baadaye ikazima na haikuwaka tena.

Mle ndani mna kila kitu. Miaka minne ya sukari yake. Kila kidole alichotoboa, alikula nini, alidungwa yuniti ngapi. Na hesabu za insulini zimo humo pia. Unaiandikia app sukari ni ngapi na sahani ina nini, nayo inakwambia dunga kiasi gani. Asubuhi ina hesabu yake, mchana yake, jioni yake. Mimi sizijui. Mtoto ana miaka kumi na moja, na mama mzazi hazijui!

Rashad ndiye aliyeiweka, mwaka ule Isti alipougua. Aliketi na daktari, wakaingiza namba moja moja. Mimi nilibaki na kazi ya kubonyeza.

Leo nilimdunga nne kwa sababu nakumbuka jana zilikuwa nne, na chakula ni kile kile, uji na yai. Nadhani zilikuwa nne.

Nikaipeleka simu kwa Fred, fundi mwenye kibanda mkabala na duka langu la vitambaa. Alitoa betri taratibu kama mtu anayetoa mwiba, akaitia kwenye debe la mchanga. Akajaribu betri nyingine. Kimya. Akajaribu nyingine. Mama Isti, bodi imeenda, akasema. Halafu — lakini si ulifanya bekapu?

Nikamuuliza bekapu ndiyo nini. Najua ni nini. Nilitaka tu aiseme kwa namna ambayo jibu langu lingekuwa ndiyo.

Jumanne, 9 Septemba 2025

Nimenunua simu nyingine, ya mkono wa pili. Fred ameiweka app. Inataka barua pepe — nikaandika ya Rashad, hiyo naijua. Inataka paswadi. Hiyo sijawahi kuijua. Fred akabonyeza pale pa waliosahau.

Ikaandika: tutatuma namba sita za siri kwenye simu inayoishia na 61.

Namba ya Rashad.

Laini yenyewe ninayo! Niliitoa kwenye simu yake siku ya tatu baada ya mazishi, nikaiweka kwenye kopo la vifungo. Januari mwaka juzi… hapana, mwaka jana. Naona kama miaka kumi. Nikakimbia nyumbani, nikaileta. Fred akaitia. Hakuna netiweki. Akaipangusa, akaitia tena. Kisha akaniambia polepole, kama anayetoa pole msibani: laini ikikaa miezi mingi bila kutumika, kampuni huichukua na kuiuza upya. Hii sasa iko na mwenyewe, mama.

Sikuweka hata salio la shilingi ishirini. Mwaka mzima. Ilikuwa imelala kati ya vifungo vya dera!

Nikapiga. Ikalia. Namba ya Rashad inalia, na mimi nimesimama mlangoni kwa Fred watu wakipita. Sauti ya mwanamke — hello, nani? Nikakata.

Jioni nilimpigia Daktari Masese wa kliniki ya watoto. Faili yake ina dozi za Machi. Tangu hapo tumebadilisha mara mbili kwa simu, nami niliziingiza moja kwa moja, na yeye hakumbuki, na mimi sikumbuki. Akasema tuanze na za Machi, ni ndogo, afadhali apande kuliko aanguke. Pima mara sita kwa siku.

Usiku kabla ya kulala, sukari 15.8. Juu mno.

Jumatano, 10 Septemba 2025

Nimempigia yule mwanamke. Safari hii sikukata. Nilijieleza yote — mume wangu, mtoto, kisukari, simu iliyofura, namba sita zitakazoingia kwake. Nyuma yake kulikuwa na mngurumo wa mashine, ilibidi nipaze sauti. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha:

"Umemaliza, mama? Mwaka jana mwenzako alinipigia na sauti tamu hivyo hivyo. Akaniambia nisome namba zimeingia. Nikasoma. Saa hii hata ukilia, sisomi."

Akakata.

Nikamwandikia meseji. Mimi ni mjane, nina mtoto mgonjwa, tafadhali nisaidie na namba hizo, Mungu atakulipa. Nikaituma ndipo nikaisoma vizuri. Ni meseji ya matapeli neno kwa neno! Isti akachungulia begani kwangu: Mama, hata mimi ningekublock.

Tumecheka kidogo. Halafu akaenda kunywa maji. Kikombe cha nne tangu atoke shule.

Mchana 17.2. Jioni 19.4.

Daktari anasema anaweza kupandisha dozi, lakini si kwa kukisia. Anataka orodha ya siku zote sukari ilipomshuka chini ya nne, hasa usiku. "Nikipandisha bila kuona, naweza kumwangusha akiwa amelala, na wewe umelala." Nikamwambia hajashuka usiku tangu mwaka jana. Akasema sawa, Mama Isti, lakini nataka kuona kwa macho. Na akitapika usinipigie, mlete mbio.

Nimeamka mara mbili usiku kumsikiliza kama anatapika. Hatapiki. Anakoroma.

Alhamisi, 11 Septemba 2025

18.1. 16.6. 20.3!

Mwalimu Gladys alipiga saa tano. Isti anaomba ruhusa ya choo kila kipindi, sasa amelala juu ya dawati. Nikafunga duka na mteja ndani, nikamwomba radhi baadaye. Nikamkuta Isti amekaa ofisini, midomo imekauka, anajitetea kwamba si usingizi, alikuwa anafikiri. Hajatapika. Daktari ameongeza yuniti moja moja tu. Tungoje.

Niandike jambo ambalo sijamwambia mtu. Chini ya kila namba, app ina mahali pa kuandika maneno. Rashad alikuwa akiandika. Kila siku, mstari mmoja au miwili. Sijausoma hata mmoja tangu afariki. Nilijua tu kwamba ipo, nikatulia.

Mtoto wangu ana ishirini nukta tatu na mimi namwaza Rashad na maneno yake. Astaghfirullah.

Ijumaa, 12 Septemba 2025

Amepiga mwenyewe! Nilikuwa nampimia mteja kitambaa, mita tatu na nusu. Namba ya Rashad kwenye kioo cha simu yangu, na jina lake juu, sikuwahi kulifuta. Mkasi ukanidondoka.

"Wewe ni yule mama wa juzi? Unaitwa nani?"

Anisa.

"Na huyo mtoto unasema mgonjwa?"

Istarlin.

Mashine iliyokuwa ikinguruma nyuma yake ikazimwa. Sema tena, akasema. Nikasema tena. Taja herufi. Nikazitaja, na mteja amenikodolea macho, I, S, T…

"Uyu mtoto," akasema, "bado yuko hai?"

Nikamwambia yuko hai, yuko shule, kwa nini unaniuliza hivyo? Akasema ashukuriwe Nyasae, Mungu wao. Akasema maneno mengine kwa Kikisii, upesi upesi, sikuyapata. Kisha akasema jambo hili halisemwi kwa simu. Njoo soko la Birongo, uje na mtoto nimuone. Lakini kesho ni Sabato, sifungui mashine, wala simu sishiki. Jumapili. Uliza Bathsheba wa kisiagi, mashine ya unga, hata kuku watakuonyesha.

Nimemweleza Isti tukila. Amebadilika uso. Akauliza mama huyo alijuaje jina lake. Nikamwambia ndilo tunaloenda kuuliza. Akasema hataki kwenda Birongo, ana homework.

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Siku ndefu hii. Nimeuza dera moja na kurudisha chenji mara mbili.

Alijuaje jina? Nimewaza kila kitu. Kwamba simu iliibiwa data. Kwamba ni genge, wanataka nimpeleke mtoto kwa miguu yangu. Kwamba Rashad alikuwa na… hapana. Hilo nililiwaza kama dakika tano, nikamwomba msamaha.

Fred anasema, nenda mchana, kaa mahali pana watu, hapo Birongo ni pazuri, shemeji yake amejenga huko. Usimpe simu. Namba zikiingia kwake, yeye akusomee, wewe uzibonyeze.

Daktari atangoja hadi kesho saa kumi na mbili jioni. Nikimpa dozi za zamani na ile orodha, ataamua Isti adungwe ngapi usiku huo. Nisipompa, nimlete Jumatatu alazwe wamchunguze upya.

14.9. Amekula wali kidogo bila kulalamika. Isti halali mapema hivi siku za Jumamosi.

Jumapili, 14 Septemba 2025

Naandika nikiwa Birongo, kwenye benchi nyuma ya mashine ya kusaga. Saa kumi na moja na nusu. Nimeona niandike.

Tuliteremka kwenye matatu pale Keumbu tukachukua boda. Hatukuuliza mara mbili. Kibanda cha mabati ya bluu, foleni ya ndoo za mahindi nje, na ndani mama mnene wa makamo, kitambaa kichwani, unga hadi kwenye nyusi. Aliponiona hakunisalimu mimi. Alizima mashine, akaja moja kwa moja kwa Isti, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili. "Bwakire, omwana one," yaani salamu, mwanangu. Isti akabaki na alama za unga usoni, kama mtoto aliyeingia jikoni kwa wizi. Watu wenye ndoo walikuwa wanatabasamu. Mmoja akauliza, ndiye huyu? Akajibiwa ndiye.

Kumbe wanamjua! Soko zima!

Bathsheba alituketisha, akatoa simu yake kwenye mfuko wa aproni, akanionyesha. Meseji. TAHADHARI, Istarlin, 3.1. TAHADHARI, Istarlin, 2.9. Zimeshuka hadi chini, unasukuma na kidole haziishi. Rashad aliweka namba yake ya dharura, na app ikawa inamtumia kila Isti akipima akiwa chini ya nne. Baba kafa, app haijui. Laini ilipouzwa Oktoba mwaka jana, zikaanza kuingia Birongo.

Kwanza alidhani ni bahati nasibu. Akajaribu kupiga kule zinakotoka, hakuna namba, ni jina tu. Ndipo muuguzi wa kanisani kwao akamwambia hiyo ni sukari, tena ikiwa chini ya nne mtu anaweza kuzirai. "Tangu hapo ikiingia nazima mashine," akasema. "Nazima, naombea huyo Istarlin, nawasha. Wateja wamezoea. Sikujua ni msichana au ni mwanaume mzee. Juma hili haikuingia hata moja. Nikasema basi, ameenda."

Wiki hii hakushuka. Alikuwa amepanda. Na simu yenyewe ilikuwa imekufa. Ndiyo sababu.

Niliomba zile namba sita. Aliifunika simu kwa kiganja, mazoea ya mtu aliyeumwa, kisha akacheka mwenyewe akakiondoa. Akanisomea moja moja. Nane. Sifuri. Sifuri. Tatu… App ikafunguka! Netiweki ya hapa inapatikana mlangoni tu, nikasimama pale kati ya ndoo, simu juu kama mtu anayepiga picha. Asilimia kumi. Arobaini. Watu wanapita chini ya mkono wangu na mahindi yao. Mia.

Miaka minne yote ipo. Dozi zipo! Asubuhi, mchana, jioni. Nimeziandika ndani ya jalada la daftari hili, na kwenye kiganja, na Isti ameziandika kwenye daftari lake la hesabu.

Nikafungua siku moja tu ya Rashad. Novemba 2022. 11.2, na chini yake: Kala mahamri mawili kwa siri. Amekiri mwenyewe kabla sijauliza. Sikumgombeza.

Nililia. Bathsheba akaniletea chai ya strungi, isiyo na maziwa wala sukari, akasema nimejifunza, mimi sasa ni nusu daktari.

Ningeishia hapo. Ingekuwa shajara ya furaha.

Nikaanza kumwandikia daktari orodha. App inahesabu yenyewe: tangu Machi ameshuka chini ya nne mara saba. Zote mchana, zote nazikumbuka, soda ndogo, biskuti, tukaendelea. Nikasema kwa sauti, saba.

"Saba?" Bathsheba akauliza. "Mimi niko na nyingi."

Nikadhani anahesabu za tangu Oktoba. Hapana. Tumekaa hapa benchini, simu yake na yangu bega kwa bega, mwezi kwa mwezi. Tangu Machi kwake zipo ishirini na tatu. Kumi na sita hazimo kwangu. Na hizo kumi na sita zote ni za usiku. Saa saba. Saa nane. Kumi kasorobo.

14 Mei, saa tisa usiku. 2.3.

Kwangu, 14 Mei: kabla ya kulala 8.0. Asubuhi 9.1. Katikati, peupe.

"Hiyo ya Mei naikumbuka," Bathsheba akasema. "Iliniamsha. Sijawahi kuona mbili. Nilipiga magoti mpaka majogoo."

Mwanamke wa Birongo alikuwa macho, anamwombea mwanangu. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nimelala fofofo.

Namba hazijifuti. Nikamtazama Isti. Alikuwa mlangoni, anachora kwa kidole kwenye unga uliotanda juu ya mzani. Hakugeuka. Nikamwita. Hakugeuka. Bathsheba akainuka akaenda kuwasha mashine ili watu wasisikie, Mungu amlipe.

Isti akaja akakaa. Alisema yote akitazama viatu. Kwamba akiamka anatetemeka huwa anajipima mwenyewe, ana sukari ya unga ndani ya foronya, anakula, anangoja, anajipima tena. Asubuhi anafuta. Kwa nini, Isti? Kwa nini hukuniamsha?

"Ulimwambia shangazi kwa simu," akasema. "Ulisema ukiamka usiku mwingine mmoja utamfuata Baba."

Nilisema. Februari. Nilikuwa nimechoka, nilisema kama watu wanavyosema. Mlango ulikuwa wazi.

Sikumgombeza. Sikuweza hata kumshika. Bathsheba amemaliza ndoo tatu.

Sasa nafikiri haraka na sioni vizuri. Dozi hizi nilizozifurahia hivi punde, ndizo zilizokuwa zikimwangusha. Leo usiku ningezirudisha zile zile! Ningelala nikimshukuru Mungu. Daktari lazima azione zote ishirini na tatu. Nimeanza kuzinakili kutoka simu ya Bathsheba, tarehe, saa, namba. Nimefika Juni.

Isti anasoma ninachoandika. Anasema, Mama, usimpe za usiku. Mwambie saba tu, na umwambie apunguze dozi, inatosha. Nikamuuliza kwa nini. Anasema daktari ataandika kwenye faili kwamba mama hakuwa anajua. Watasema ni wewe. Watanipeleka kwa shangazi Nairobi.

Saa kumi na mbili kasoro dakika mbili. Bathsheba amezima mashine, anatutazama wote wawili.

Daktari Masese anapiga. Isti ameufunika ukurasa wa Mei kwa kiganja, na simu inaendelea kulia. Nauondoa mkono wake taratibu, napokea: Daktari, ziko ishirini na tatu.